Jinsi ya kupiga fidla ya Kiskoti mkiwa wawili (na kwa nini yule wa pili ndo mwenye kazi)

Niseme ukweli kwanza. Siku ya kwanza mimi na mwenzangu kukaa kupiga rili ya Kiskoti (muziki wa dansi ya haraka) kwa fidla mbili tulipiga wote melodi ileile, noti zilezile, spidi ileile, na tukajiona tumeua. Kulikuwa na mzee mmoja pale, Mskoti wa Glasgow ambae hizi dansi amezicheza tangu utotoni, akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho alafu akauliza, "sasa nyie wawili, mmoja wenu yupo hapo wa nini?"

Swali lilinikaa. Mimi fidla nimeijulia Unguja kwenye taarab, kule fidla nne tano zinakaa safu moja na zote zinabeba melodi moja, kila mpigaji na vionjo vyake vidogo, na utamu ni huohuo wa wengi kuwa kitu kimoja. Kwa hiyo kichwani mwangu watu wawili ni safu ndogo tu. Kumbe kwa Waskoti wawili ni mgao wa kazi, mmoja anasimulia na mwingine anawabeba wachezaji miguu, na huyo wa pili ndo mwenye mzigo. Huu mwongozo ni wa mtu ambae tayari anajua kushika fidla, anapiga skeli za D, G na A bila kulia, na ana mwenzake mmoja mwenye fidla au chelo. Kama huna mwenzako soma tu, simu inaweza kuwa mwenzako, nitaeleza huko chini.

Kabla ya kugusa upinde: nani na nani?

Mnaweza kuwa fidla mbili, au fidla na chelo. Watu wanadhani fidla na chelo ni mambo ya kisasa lakini wala. Niel Gow, ambae alizaliwa 1727 na kuishi Inver karibu na Dunkeld huko Perthshire, ndo mpiga fidla maarufu kuliko wote wa karne ile, na dansi zake alikuwa anapiga na ndugu yake Donald akiwa kwenye chelo. Kuna mchoro wa David Allan wa mwaka 1780 wa harusi ya milimani, wanaonekana wote wawili, Niel na fidla yake, Donald na chelo, watu wanarukaruka mbele yao, na wanaowapigia ni wale ndugu wawili. Hata vitabu vya zamani vilichapishwa hivyo: Robert Bremner wa Edinburgh alianza kutoa mkusanyiko wa rili 1757, melodi juu na mstari wa besi chini yake, na kitabu cha kwanza cha Gow mwenyewe cha 1784 kiko vilevile. Ukitaka kusikia hiyo biashara saivi ikoje, watafute Alasdair Fraser wa fidla na Natalie Haas wa chelo, mimi nawasikiliza mpaka majirani wamenizoea.

Fidla mbili tupu nazo zina kwao. Visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa, walikuwa na mtindo wao wa fidla ya pili kupiga nyuzi mbili mbili chini ya melodi, wanaita kupiga sekondi. Hilo neno nitalitumia humu mote: sekondi ni yule asiyeshika melodi. Na kuanzia leo sio tusi.

Hatua ya kwanza: tyuni kwa mwenzako, sio kwa simu peke yake

Programu ya simu itakupa A ya 440, sawa, ianzie hapo. Lakini baada ya A wekeni simu pembeni. Mmoja apige A na E kwa pamoja, nyuzi mbili tupu, mwenzake apige hivyohivyo, alafu mpige wote. Mkisikia sauti inatetemeka wau-wau-wau ujue kuna mmoja yuko juu kidogo. Rudieni kwa D na A, alafu G na D. Inachukua dakika tano, na nakuomba usizirukie, manake muziki huu unatumia nyuzi tupu kuliko muziki mwingine wowote niliowahi kupiga, na uzi mtupu hauna kidole cha kuurekebisha. Ukiwa haujakaa sawa utausikia usiku kucha.

Na rozini kidogo tu. Upinde ukijaa unga sekondi yako itakwaruza kama mtu anaburuza kabati.

Hatua ya pili: wote wawili mjifunze melodi, hata yule ambae haipigi

Hapa wengi wanateleza. Wanagawana mapema, wewe melodi mimi sekondi, na yule wa sekondi hajui wimbo wenyewe unaenda wapi, anasubiri kodi zibadilike kama mtu anasubiri daladala (kodi za muziki nazungumzia, noti kadhaa zinazolia pamoja, za nyumba kila mtu na mwenye nyumba wake). Hapana. Wote mjue melodi mpaka mnaweza kuiimba mkiosha vyombo. Jifunzeni kwa sikio kipande kwa kipande, sikiliza, imba, alafu ndo utafute kwenye uzi. Noti za karatasi zinasaidia kukumbuka lakini hazikuambii upinde unaumaje.

Nyimbo nyingi zina umbo moja, na ukishalijua umejua nusu ya kazi: sehemu ya kwanza vipimo 8 (kipimo ni kifungu kidogo cha mapigo), inarudiwa, sehemu ya pili vipimo 8, inarudiwa, jumla 32. Alafu mnaanza upya. Kwa kuanzia chagueni wimbo wa D. Mimi napendekeza rili inayoitwa The Fairy Dance, aliitunga Nathaniel Gow, mtoto wa Niel, kwa ajili ya dansi moja kubwa ya huko Fife 1802. Ni rahisi, inajulikana kila mahali, na melodi yake karibu yote inakaa kwenye nyuzi za A na E, hiyo sababu ya mwisho itakuwa na maana sana tukifika kwenye oktavu.

Hatua ya tatu: mkubaliane upinde

Kwenye rili mambo sio magumu. Noti zinakwenda sawasawa, upinde mfupi katikati ya uta, mkono umelegea, mnavuta kwenye pigo zito. Mkiwa wawili kitu cha kuangalia ni mwelekeo: kwenye mapigo makubwa wote mwende upande mmoja, kuvuta na kuvuta, kusukuma na kusukuma. Sio kwa ajili ya macho ya watu, ni kwa sababu kuvuta kuna uzito wake na kusukuma kuna wake, na mkipishana huyu anabonyeza wakati yule anaachia.

Kwenye strathspei ndo kuna shughuli. Hii ni aina ya dansi ya Waskoti wenyewe, jina limetoka kwenye bonde la mto Spey, na inajulikana kwa jinsi inavyorukaruka. Roho yake ni kitu kinaitwa snapu, noti fupi yenye nguvu alafu noti ndefu baada yake. Sisi waongeaji wa Kiswahili inatuponza kidogo, na nitakuonyesha kwa nini. Tamka neno "baba" kwa sauti. Umesikia? Baa-ba, ndefu kisha fupi, manake Kiswahili kinapenda kuweka uzito na urefu pamoja kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sasa igeuze: ba-baa. Hapo mdomo wako utataka kuhamisha nguvu iende kwenye ile "baa" ndefu, usikubali. Nguvu ibaki kwenye "ba" ya kwanza ile fupi, na ndefu ije nyuma yake kama imesukumwa. BA-baa. BA-baa. Tembea nayo chumbani, mguu ukanyage kwenye BA. Mimi nilifanya hivi wiki nzima kabla mkono haujaelewa, na mke wangu alidhani naita mtu.

Alafu uipeleke kwenye upinde. Noti fupi vuta kidogo sana, sentimita mbili tatu, haraka, kama unapangusa vumbi. Noti ndefu sukuma upinde juu kwa nguvu. Niel Gow alisifiwa hasa kwa huo msukumo wa kurudi juu, wengi wetu tukisukuma sauti inafifia, yeye ilikuwa inakuja kubwa kama ya kuvuta. Mazoezi yake ni ya kuchosha lakini yanafanya kazi: uzi mtupu wa D, dakika tatu, vuta kidogo sukuma kubwa, na kati ya noti na noti achia hewa ndogo, upinde usimame bila kuondoka kwenye uzi. Strathspei bila hizo hewa inakuwa uji.

Mkiwa wawili mkae mmetazamana mpige strathspei nzima kwenye uzi mtupu mmoja, hakuna melodi, ridhimu tu. Kama snapu zenu haziangukii pamoja hapo, hazitaangukia pamoja popote.

Hatua ya nne: kazi za sekondi, moja baada ya nyingine

Sasa tumefika kwenye nyama. Sekondi ana kazi nne na usijaribu zote siku moja.

Ya kwanza ni kuvuma. Chukua D na A, nyuzi tupu mbili, vuta upinde mrefu polepole chini ya melodi nzima. Basi. Hakuna kodi inayobadilika. Inasikika kama zumari la mfuko la Kiskoti, lile ambalo lina mabomba yanayolia noti ileile mwanzo mwisho, na sio bahati mbaya, melodi nyingi za fidla zimepita kwenye zumari hilo au zimetoka huko. Kwenye sehemu chache itagongana na melodi, iache igongane, hiyo chachu ndo ladha yenyewe.

Ya pili ni oktavu. Yaani upige melodi ileile lakini chini, sauti ya dume. Hii ni ya zamani sana na ni tamu kuliko hamoni yoyote mtakayobuni. Kanuni ni rahisi: shuka nyuzi mbili, ongeza kidole kimoja. Mwenzako akipiga E tupu, wewe uko uzi wa D kidole cha kwanza. Akiweka kidole cha kwanza uzi wa E, wewe kidole cha pili uzi wa D. A tupu yake ni kidole cha kwanza chako uzi wa G. Ndo maana nikasema The Fairy Dance, yeye yuko A na E huko juu, wewe unatiririka kwenye G na D, na mara chache uzi wa A, bila kukosa noti. Ikiwa melodi inashuka mpaka uzi wa D, oktavu itakosa pa kwenda, hapo rudi kwenye kuvuma mpaka ipande tena, hakuna atakaekudai.

Ya tatu ni sekondi yenyewe, ridhimu na kodi. Na hapa fidla inakupa zawadi ambayo nilichelewa sana kuigundua. Kwenye wimbo wa D kodi kubwa ni tatu, D, G na A. Sasa angalia nyuzi tupu za fidla: G na D pamoja, hiyo ni kodi ya G. D na A pamoja, kodi ya D. A na E pamoja, kodi ya A. Yaani kodi zote tatu zipo pale bila kidole hata kimoja, unahamisha kiwiko tu, kinashuka ukienda A na E, kinapanda ukirudi G na D. Mtu anaweza kupiga sekondi ya wimbo mzima mkono wa kushoto ukiwa umeshika chai.

Kwenye rili hesabu moja mbili tatu nne. Anza kwa kupiga kwenye mbili na nne tu, fupi fupi, upinde karibu na kitako, kama unakata mchicha. Mwachie mwenzako moja na tatu. Ukishatulia weka na moja nyepesi ya chini. Usibonyeze. Kosa la sekondi wote duniani ni sauti kubwa, ukishindwa kuisikia melodi ya mwenzako vizuri kabisa basi umezidisha wewe, sio yeye aliepunguza.

Baadae ndo uanze kuongeza vidole. Kodi ya D inakuwa na joto ukiweka F kali kwenye uzi wa D, kidole cha pili, na A tupu juu yake. Kodi ya A unaweza kuishusha: kidole cha kwanza uzi wa D, A tupu juu, inakuwa nzito na haipigi kelele kama A na E. Nyimbo za A nyingi zina tabia ya kushuka ghafla kwenda G na kurudi, bila kuomba ruhusa, wazungu wa makonsavatori (vyuo vya muziki) jambo hilo linawashangaza, kwako wewe ni kuhama kutoka nyuzi za A na E kwenda G na D na kurudi. Unalisikia likija kwa sababu unaijua melodi. Umeona faida ya hatua ya pili.

Mwenye chelo kazi hii ni yake kwa haki zote. Nyuzi zake ni C, G, D na A, besi za kutosha, na anaweza kuongeza ule mpigo mkavu wa kuangusha upinde kwenye nyuzi, chopu, unasikika kama ngoma ndogo. Chopu sio ya Kiskoti kwa asili, ilianzia Marekani miaka ya 1960 kwa mpiga fidla Richard Greene wa blugrasi, lakini saivi imeshapewa uraia. Itumie kama pilipili.

Ya nne ni hamoni, na nimeiweka mwisho kwa makusudi. Wengi wetu tumelelewa kwenye kwaya, mtu akiimba sauti ya kwanza sisi mdomo unaenda wenyewe kwenye alto, theluthi chini, noti kwa noti, kuanzia amina ya kwanza hadi ya mwisho. Kwenye rili ukifanya hivyo inageuka kwaya inakimbizwa na mbwa. Hamoni weka sehemu chache: vipimo viwili vya mwisho vya sehemu ya pili, au noti moja ndefu ambayo melodi imesimama. Nne au tano kwa wimbo mzima zinatosha.

Hatua ya tano: mpangilio

Wimbo una vipimo 32, mtaupiga mara tatu. Mkifanya kitu kilekile mara tatu mtu atatoa simu. Mimi na mwenzangu tunafanya hivi, mnaweza kuiba: mzunguko wa kwanza yeye melodi, mimi navuma tu. Mzunguko wa pili sehemu ya kwanza oktavu, na ikija sehemu ya pili naingia sekondi ya ridhimu, hapo watu ndo wanaanza kutikisa mguu. Mzunguko wa tatu tunabadilishana, mimi melodi yeye sekondi, na ile sehemu ya mwisho kabisa wote tunarudi kwenye melodi moja, sauti moja, kama taarab (mzee yule hilo akalikubali, akasema "sasa najua kwa nini mko wawili", manake ule umoja unakuwa umekuja baada ya kugawana).

Kubadilishana ndo panapoanguka watu. Aliekuwa na melodi anaachia mapema, aliekuwa sekondi anachelewa kuipokea, katikati kunakuwa na shimo la nusu sekunde. Dawa yake: kwenye kipimo cha mwisho kabla ya kubadilishana wote wawili mpige melodi. Kama mnapokezana kijiti, mikono miwili inashika kabla mmoja haujaachia. Na mtazamane. Msitazame vidole, vidole havitoroki.

Mapambo nayo gawaneni. Kuna birli, noti moja inakatwa kuwa tatu za haraka za sauti ileile, trrrp, jina lenyewe wanalo pia wapiga zumari. Akiipiga mmoja inameta. Mkiipiga wote wawili hamtafika pamoja hata mfanyeje, na itasikika kama kitu kimeanguka jikoni. Mwenye melodi ndo mwenye mapambo, sekondi anakaa msafi.

Hatua ya sita: spidi

Metronomu tumieni mwanzo, ila kuna kipimo kingine nakipenda zaidi kwa sababu kinawalazimisha kupiga wimbo mzima. Chukua saa ya simu. Kwa spidi ya wachezaji, vipimo 32 vya rili vinachukua kama sekunde 35. Vipimo 32 vya strathspei ni kama dakika 1. Anzeni rili kwa sekunde 50, ikikaa safi mara tatu mfululizo shusheni hadi 45, na kadhalika. Strathspei usiikimbize, inavumilia upole, na wanaoikimbiza wanapoteza zile hewa.

Mkianza kwa 50 na mkamaliza mzunguko wa tatu kwa 40 bila kukusudia, mwizi kwa kawaida ni sekondi. Anapiga mbili na nne mapema kidogo, mwenye melodi anajiona amechelewa, anaongeza, basi mnafukuzana. Jirekodini, alafu msikilize rekodi mkimfuata sekondi peke yake. Inauma lakini ndani ya siku mbili tabia inakatika.

Kwa asiyekuwa na mwenzake: rekodi sekondi yako mwenyewe kwenye simu, mizunguko mitatu, hesabu "moja mbili tatu nne" mwanzoni, alafu piga melodi juu yake. Simu haitakusubiri ukikosea, kwa hiyo utajua haraka kama sekondi yako inabebeka au haibebeki.

Hatua ya saba: melodi ya polepole

Hii inataka sehemu yake. Waskoti wana nyimbo za fidla zisizo za kucheza, za kukaa na kusikiliza, na inayojulikana zaidi ni maombolezo aliyotunga Niel Gow kwa kifo cha mke wake wa pili, Margaret Urquhart, aliefariki 1805. Mzee alikuwa ameshapita miaka 75. Wimbo uko D, meja, sio maina, na hilo ndo lilinishangaza nilipousikia mara ya kwanza, msiba kwenye ufunguo wa furaha. Hauliliwi ule wimbo, unasimuliwa, kama mtu anaongea na mkewe jioni.

Mwenye melodi: usitetemeshe kidole kila noti. Noti ndefu iache iwe tupu kwanza, ikikaribia kuisha ndo uitie mtetemo kidogo kama utautaka. Na usiipige kwa kuhesabu, iimbe kichwani upumue mwisho wa kila mstari.

Sekondi: hapa huna ridhimu, una zulia. Noti ndefu, nyingi D na A, kimyakimya, upinde karibu na ubao wa vidole ambako sauti ni laini. Na sasa siri moja ambayo ilinichukua mwaka: usigeuze upinde wakati mwenzako anageuza wake. Kila upinde ukigeuka kuna kapengo kadogo, mkigeuza pamoja pengo linasikika. Geuza katikati ya noti yake, yeye ageuze katikati ya yako, na itakuwa kama sauti haina mwisho wala mwanzo. Tulipolipata hilo mara ya kwanza, jikoni kwake, birika linachemka, tukanyamaza wote wawili alafu akasema "tena".

Mzunguko wa kwanza mwachie apige peke yake kabisa. Usiguse. Ingia wa pili.

Hatua ya nane: kuunganisha

Desturi ni kuunganisha nyimbo bila kusimama, mara nyingi machi, strathspei, alafu rili, au polepole kisha strathspei kisha rili. Mkitoka strathspei kwenda rili ndo pahala patamu kuliko pote usiku mzima, watu wanaruka kwenye viti, na anaeendesha ile gia sio mwenye melodi, ni sekondi. Noti ya mwisho ya strathspei mwenye melodi anaishikilia kwa urefu wake, sekondi papohapo anaanza kukata mchicha kwa spidi mpya, mapigo manne, na melodi inapanda juu yake. Fanyeni mazoezi ya hicho kiungo peke yake, vipimo viwili vya strathspei na vinne vya rili, mara ishirini. Watu wanapiga nyimbo nzima mara ishirini na kiungo mara moja, alafu siku yenyewe kinawaaibisha hapohapo.

Mkiwa kwenye sesheni ya baa na wenyeji, mambo kidogo yanabadilika. Kama kuna gitaa au kinanda tayari, sekondi yako ya kodi iweke mfukoni, mtu mwingine ana hiyo kazi na kodi zake zinaweza kuwa tofauti na zako. Piga oktavu. Hakuna sesheni ambayo oktavu ya chini inafukuzwa.

Kumaliza

Rili haipungui spidi mwishoni. Inakatika, noti ya do, upinde unaruka kutoka kwenye uzi na mmemaliza. Mzunguko wa mwisho mwenye melodi anainua nyusi au anainua mguu kidogo vipimo vinne kabla, mkubaliane ishara mapema, sisi siku moja tulisahau na mwenzangu akaanza mzunguko wa nne peke yake huku mimi nimeshainamisha kichwa kupokea makofi. Polepole ni kinyume, mnapunguza pamoja, sekondi anamfuata melodi na noti ya mwisho ya kutoka ni ya sekondi, melodi inanyamaza kwanza na ile D ya chini inabaki sekunde moja zaidi.

Alafu badilishaneni viti. Aliekuwa sekondi ashike melodi, rudini kwenye sekunde 50, mwanzo kabisa.